Ramani sahihi isiyotumika: tujadili violesura vya ramani na atlasi za kidijitali za visiwa vyetu

Mwanzisha uzi (Wete)

Assalaamu alaykum wanajukwaa.

Mimi na wenzangu wawili hapa Wete tunatengeneza atlasi ndogo ya kidijitali ya Pemba, iliyokusudiwa kwanza wanafunzi wa skuli na walimu wao, kisha yeyote mwengine atakayeihitaji. Ramani yenyewe tuliiandaa kwa uangalifu mkubwa, tukahakiki mipaka ya wilaya zote nne, majina ya vijiji na njia za gari, na siku tuliyoipeleka barazani kwa mara ya kwanza tulidhani kwamba kazi iliyobaki ni ya kupamba tu. Haikuwa hivyo. Kati ya watu waliokaa nasi jioni ile, wachache tu waliweza kuifikia shehia yao, yaani eneo lao dogo la utawala, kwenye kioo cha simu, ingawa kila mmoja wao angeweza kutupeleka huko usiku wa giza bila ya taa. Nimeanzisha uzi huu wa violesura, yaani vitufe, alama na yote mtu anayoyaona na kuyagusa ili aitumie ramani, kwa sababu naamini kosa lilikuwa letu na wala si lao, na kwa sababu kosa la namna hiyo naliona katika ramani nyingi za visiwa vyetu zinazowekwa mtandaoni: zinamtaka mtumiaji ajifunze mashine kabla hajaiona nchi yake.

Somo kubwa kuliko yote lilitoka kwa bibi mmoja ambaye hakugusa kioo hata mara moja. Aliipokea simu, akaigeuza polepole mkononi mpaka upande wake wa juu ukaelekea kibla, kisha akanyoosha mkono na kutuuliza kama Mtambwe iko huku. Ilikuwa huko huko. Usiku nilikaa nikapiga hesabu. Kutoka mji wa Zanzibar, kibla imeachana na kaskazini halisi kwa takriban digrii moja tu kuelekea mashariki, na kwa hapa Wete hata hiyo digrii moja haifiki, kwa kuwa Makka iko karibu kabisa na mstari wetu wa longitudo. Kwa hivyo kila aliyewahi kusali ndani ya nyumba ya Pemba anaijua kaskazini, hata kama hajawahi kuiita kwa jina hilo. Sisi tulikuwa tumeweka kidude cha dira chenye herufi moja kwenye pembe ya juu, kidogo kuliko punje ya mtama, na juu ya hayo tuliacha vidole viwili viweze kuizungusha ramani yote, kiasi kwamba aliyetaka kukuza tu alijikuta kisiwa kimelala ubavu bila ya yeye kujua kilichotokea. Sasa tumefunga mzunguko huo kabisa, tumeikuza dira, na chini ya neno “Kaskazini” tumeandika “Kibla”. Sijui badiliko jengine lolote dogo kama hili lililoleta nafuu kubwa kama hii.

Napenda ieleweke kwamba kaskazini kuwekwa juu ni mazoea tu, na mazoea hayo hayakuwa ya watu wote. Al-Idrisi alipomaliza ramani yake maarufu mwaka 1154 aliiweka kusini juu, kama walivyofanya wachoraji wengi wa Kiislamu wa zama zake. Kwetu sisi, kwa bahati njema, mazoea ya wachora ramani wa leo na mazoea ya msikitini yamekutana, na mbunifu asiyelitumia hilo anaacha bure kitu ambacho watumiaji wake wamekuja nacho kutoka nyumbani.

Jambo la pili ni kile kinachoonekana mwanzo. Ben Shneiderman, mtaalamu wa Marekani wa uhusiano baina ya watu na kompyuta, aliweka mwaka 1996 kanuni ambayo naiona bado ina nguvu: mwoneshe mtu picha nzima kwanza, kisha mwachie akaribie na kuchuja, na maelezo ya ndani umpe pale anapoyaomba. Toleo letu la kwanza lilifanya kinyume, kwani lilifunguka likiwa na matabaka yote yamewashwa, skuli, vituo vya afya, misikiti, visima, misitu na njia, vyote kwa pamoja, na Chake Chake ilifunikwa na alama hata jina lake halikusomeka. Hivi sasa atlasi inafunguka na kisiwa kizima, wilaya nne, miji mitatu na vile vikubwa kati ya visiwa vyake vidogo, basi. Mtu akigusa wilaya ndipo shehia zinajitokeza, na akikaribia zaidi ndipo vijiji, skuli na njia za ndani huonekana.

Hapa kuna mtihani unaotukabili sisi watu wa Zanzibar zaidi ya wengine. Mradi wa kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni, ulioanza mwaka 2016 chini ya Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, umetupatia picha ambazo pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni takriban sentimita 7 za ardhi. Hiyo ni neema kubwa, na mtu akiipata hutamani kuionesha yote. Hata hivyo, mnazi mmoja mmoja ukionekana haina maana kwamba mtu atajua yuko wapi, kwa kuwa picha haina jina juu yake wala haichagui kilicho muhimu. Tuliwapa wanafunzi picha ya droni bila ya majina, wakafurahi sana kwa dakika mbili wakitafuta mapaa ya nyumba zao, kisha wakapotea. Tulipoweka juu yake majina na njia kwa mstari mweupe, na picha yenyewe tukaififisha kidogo, walianza kuitumia.

Vitufe navyo vina mambo yake. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, katika toleo lake la 2.2 la mwaka 2023, inataka kitu cha kuguswa kisipungue pikseli 24 kwa 24, na katika daraja la juu zaidi kifike 44 kwa 44. Sisi tumechagua 48, kwa kuwa mikono ya watu wetu ni ya jembe, ya kuchuma karafuu na ya kuvuta nyavu, na kioo cha simu aghalabu kina mikwaruzo. Vitufe tumeviteremsha chini, pale kidole gumba kinapofika bila ya kubadilisha mkono. Ufunguo wa ramani, yaani orodha ya maana za alama, ambao tuliuficha ndani ya menyu ya mistari mitatu, haukufunguliwa na mtu yeyote barazani, hata mmoja. Tumeutoa nje, ukakaa chini ya ramani, na unaonesha zile alama tu zilizopo kwenye kioo wakati huo.

Nawakaribisha wenye uzoefu, khasa walimu na watu wa pwani, watukosoe.


Mwalimu wa jiografia (Mkoani)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kazi hii nimeipokea kwa furaha, na nina maswali mawili yanayotoka darasani.

La kwanza ni bando. Katika darasa langu simu inayoweza kufungua ramani huwa ni ya mwalimu, na bando ni la mwalimu. Ramani inayovuta data kila mwanafunzi anapoisogeza itamaliza salio kabla ya kipindi kumalizika. La pili ni skeli. Katika vitabu tunawafundisha watoto kwamba sentimita moja katika ramani ya 1:50,000 ni nusu kilomita ardhini, nao wanaweka rula na kupima. Je, kwenye kioo nitawafundishaje?


Mwanzisha uzi (Wete)

Ahsante sana, Mwalimu. Swali lako la kwanza ndilo lililotukosesha usingizi, kwa hivyo nitalijibu kwa urefu.

Ramani nyingi za mtandaoni hukatwa vipande vya mraba viitwavyo vigae, kwa kawaida vya pikseli 256 kwa 256, na kila ngazi moja ya kukuza hugawa kigae kimoja kuwa vinne. Pemba ina urefu wa takriban kilomita 67 na upana usiozidi kilomita 23 hivi. Ukiizungushia mstatili wa vipimo hivyo, katika ngazi ya 15 utahitaji vigae kiasi cha 1,000, katika ngazi ya 16 kiasi cha 4,200, katika ngazi ya 17 vinakaribia 17,000, na katika ngazi ya 18, ambapo pikseli moja ni kama sentimita 60 za ardhi, vinapita 65,000. Kwa hivyo kila mbunifu anaposema “tuwaachie wakuze ngazi moja zaidi” anaongeza mzigo mara nne, na anayeulipia ni mwalimu wa Mkoani.

Tumefanya mambo matatu. Atlasi ya skuli inaishia ngazi ya 16, kwa sababu somo la jiografia halihitaji kuona uzio wa nyumba ya mtu. Njia, mipaka na majina tumeyahifadhi kama data ya vekta, yaani nukta na mistari inayochorwa na simu yenyewe, na hiyo ni nyepesi sana ikilinganishwa na picha. La tatu ni la kiolesura khasa: kuna kitufe kimoja kilichoandikwa “Pakua wilaya hii”, na kabla hujakigusa kinakuonesha ukubwa wa mzigo kwa megabaiti. Ukishapakua nyumbani au mahali penye mtandao wa bure, darasani unafanya kazi bila ya intaneti. Alama ndogo ya kijani inakuambia kwamba unachokiona kiko ndani ya simu tayari. Watu huogopa kugusa wasichojua gharama yake, na khofu hiyo ni ya haki.

Kuhusu skeli, uwiano wa 1:50,000 haufai kwenye kioo, kwa sababu kila simu ina ukubwa wake na ramani hubadilika kila unapoikuza. Tumebakisha mstari wa skeli peke yake, unaorefuka na kufupika pamoja na ramani, na juu yake tumeandika kilomita na chini yake muda wa kutembea kwa miguu. Mtoto anayejua kwamba skuli ni mwendo wa nusu saa anaweza kuuhakiki mstari huo kwa miguu yake.


Mwanafunzi wa mifumo ya kijiografia (Unguja)

Mada ni nzuri, ila naomba kutofautiana nawe, kaka, katika suala la kibla. Atlasi kama hii hutumiwa na wageni pia, na wengine si Waislamu. Je, si bora kubaki na alama inayojulikana duniani? Pia ningependa kujua mmefanyaje takwimu za watu, kwa sababu mimi nimejaribu kuchora ramani ya sensa na kila niliyemwonesha aliisoma vibaya.


Mwanzisha uzi (Wete)

Neno “Kaskazini” lipo na herufi yake ipo, kwa hivyo mgeni hajanyimwa kitu. Tulichofanya ni kuongeza neno kwa ajili ya mwenyeji, na sioni kwa nini mwenyeji awe wa mwisho kufikiriwa katika ramani ya kwao.

Suala la sensa nakubaliana nawe kwamba ni gumu, na tumelihangaikia. Tazama matokeo ya mwaka 2022. Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, na kati yao 893,169 walikuwa Mkoa wa Mjini Magharibi. Ukizipaka rangi idadi hizo kwa mikoa mitano, mkoa wenye watu wengi kuliko yote ndio wenye eneo dogo, na jicho humfuata mkubwa wa eneo. Msomaji anaondoka akiamini kwamba watu wamejaa Kusini Unguja, mkoa ambao kwa hakika ndio wenye watu wachache zaidi, 195,873. Jacques Bertin, mchora ramani wa Ufaransa, alieleza tangu mwaka 1967 kwamba kiasi huoneshwa vizuri kwa ukubwa wa alama, daraja kwa weusi na weupe wa rangi, na aina kwa rangi tafauti. Kwa hivyo idadi ya watu sisi tunaionesha kwa duara zenye ukubwa tafauti, na rangi ya eneo tunaiachia msongamano, yaani watu kwa kila kilomita ya mraba.

Kuna mtego mwengine humo humo. Kaskazini Pemba ilikuwa na watu 272,091 na Kusini Pemba 271,350. Tafauti ni watu 741. Programu yetu, ilipoachwa ijichagulie yenyewe madaraja, yaani makundi ya idadi yanayopewa rangi moja moja, ilipitisha mpaka katikati ya nambari hizo mbili, na mikoa yetu miwili ikatokea kwa rangi mbili mbali mbali kana kwamba mmoja umejaa na mwengine mtupu. Watu barazani walianza kuzozana mara moja. Sasa madaraja tunayaweka kwa mkono, na mtu akigusa mkoa anaona nambari yenyewe, imeandikwa kwa herufi kubwa.

Na kwa kuwa umetaja rangi, nitasema hili kwa uzito. Katika visiwa hivi rangi zina wenyewe. Ukichora shehia kwa rangi zinazofanana na za vyama, kuna atakayeisoma kama ramani ya uchaguzi hata kama umeandika “upatikanaji wa maji” juu yake, na hutaweza tena kumrudisha kwenye maji. Tumejaribu mpangilio wa rangi moja inayokolea hatua kwa hatua, buluu ya maji kwa maji, kahawia kwa ardhi, na tumefuata rangi zilizopendekezwa na Cynthia Brewer, mtaalamu wa ramani wa Marekani, ambaye alionesha pia zipi zinasomeka na mtu asiyepambanua nyekundu na kijani. Watu hao si wachache kama tunavyodhani, na wengi wao ni wanaume.


Mkulima wa mwani (Paje)

Nami nina neno. Katika ramani zote nilizooneshwa, shamba langu liko ndani ya bahari ya buluu. Mtu wa mbali akitazama atasema hapa hakuna kitu. Lakini wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yakitoka, tunatembea kwa miguu mamia ya mita mpaka kwenye vigingi vyetu, na katikati kuna mabwawa, mawe na njia tunazozijua kwa majina. Wanawake wa pwani hii wanalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na hakuna ramani hata moja inayotuonesha. Naomba kuuliza: mstari wa pwani mnauchora wapi, maji yakijaa au yakipwa?


Mwanzisha uzi (Wete)

Dada yangu, swali lako limetusimamisha kazi kwa wiki nzima, na nakushukuru kwa dhati.

Tuliuchora maji yakiwa yamejaa, kwa sababu data tuliyoipokea ndivyo ilivyokuwa, na hatukujiuliza. Katika bamvua tafauti ya kujaa na kupwa kwetu hufikia karibu mita 4, na katika maji mafu, yaani siku za maji madogo, hupungua sana, kwa hivyo pwani yenye mteremko mdogo kama ya Paje, Jambiani au Micheweni ina mistari miwili ya pwani, na baina yake kuna ardhi inayotokea na kuzama mara mbili kila siku. Ramani ya karatasi ililazimika kuchagua mstari mmoja au kuweka nukta nukta katikati. Ramani ya kioo hailazimiki, na hapa ndipo naona faida yake halisi. Atlasi ya kitaifa ya Kanada ilitoka kwa karatasi mwaka 1906 na kuwekwa kwenye intaneti mwaka 1994, na ya Uswisi ilipata toleo la kidijitali la kuchezeka mwaka 2000, lakini nchi hizo hazina mkulima anayetembea kwenda shambani juu ya sakafu ya bahari. Kiolesura cha jambo hili itabidi tukibuni wenyewe.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa kitelezi chenye vipimo vya mita, kutoka sifuri hadi nne. Halikufaa. Wavuvi wawili waliokijaribu walituuliza mita hizo ni za nini. Tukaondoa nambari, tukaweka vituo vinne vyenye majina yanayosemwa pwani: bamvua maji yamejaa, bamvua maji yamekupwa, maji mafu yamejaa, maji mafu yamekupwa. Mtu akigusa kituo, buluu inasogea na sakafu inatokea kwa rangi ya mchanga. Wavuvi wale wale walielewa mara moja, na mmoja akatuonesha mahali tulipokosea, mkondo ambao haukauki hata katika bamvua kubwa.


Mtumishi wa daladala (Unguja)

Kwa ufupi: kitufe cha kutafuta. Nikiandika mtaa wa Ng'ambo kama Ngambo, bila ya ile alama ya ng', ramani nyingi zinasema hakuna. Nikiandika Creek Road, zinaniletea kitu chengine, kwa kuwa sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Nikiandika Chwaka inanipeleka moja kwa moja Unguja, na ndugu zangu wa Tumbe nao wana Chwaka yao. Na abiria wangu hawaulizi barabara, wanauliza gari: 116 kwa Nungwi, 505 kwa uwanja wa ndege. Nambari hizo nazo zitafutike.


Mwanzisha uzi (Wete)

Yote manne tumeyaandika, kaka. Alama ya ng' sasa inapuuzwa wakati wa kutafuta, jina la zamani na jipya yanafika mahali pamoja, na jina lenye sehemu mbili linaonesha zote mbili pamoja na wilaya, ili mtu achague mwenyewe. Nambari za gari zitaingia tutakapofika Unguja.

Dada wa Paje, tunahitaji majina ya yale mabwawa na njia za kwenda kwenye vigingi. Ukiwa tayari, sisi tutavuka tuje Paje mwezi ukiwa mpevu, tushuke nanyi maji yakianza kutoka, na simu tutawapa nyinyi mshike.